Maandamano dhidi ya wageni: maswali ya familia za Tanga zenye watu wao Sauzi na Uingereza

Maswali haya ni ya watu wa Tanga: Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Pongwe, na wengine wa Muheza na Pangani. Wengi wana kijana Durban au Johannesburg. Wachache wana binti anayetunza wazee au anayefanya kazi hospitali Uingereza. Majibu yameegemea zaidi Sauzi, kwa sababu ndiko damu ilikomwagika zaidi. Mwenye haraka asome swali la njiani na swali la duka, mengine yatamsubiri.

Hizi fujo zinaanzaje? Mbona zinarudi kila baada ya miaka michache?

Ajira hakuna, huduma mbovu, uchaguzi unakaribia au mkubwa fulani ametoa kauli, kisha watu wa mtaa wanaamua kwamba chanzo cha yote ni mgeni. Mei 2008 moto uliwaka Alexandra, Johannesburg, tarehe 11, ukasambaa mpaka Durban na Cape Town. Walikufa watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Hao 21 watu huwasahau. Wenye mapanga hawakuuliza pasipoti. Waliuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na aliyejikwaa kwenye neno akahesabiwa mgeni.

Mwaka 2015 ilianzia Durban, baada ya Mfalme wa Wazulu, Goodwill Zwelithini, kunukuliwa akisema wageni wafungashe virago. Mwenyewe alilalamika kwamba maneno yake yalipotoshwa. Septemba 2019 ikawa zamu ya Johannesburg na Pretoria, maduka yakachomwa. Tangu 2021 vimeibuka vikundi vyenye majina na fulana zao: Operation Dudula ya Soweto, na mwaka 2025 March and March ya Durban. Kuna nafuu moja hapo, ingawa haipendezi kuisema: kikundi chenye jina hutangaza tarehe yake, na tarehe ukiijua unaweza kujipanga.

Kwa hiyo kila wakiandamana kuna vurugu?

Hapana. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1993 inamtaka anayeitisha mkusanyiko atoe taarifa siku 7 kabla. Maandamano mengi yenye taarifa na polisi hupita, watu wakapiga kelele wakarudi makwao. Uingereza, katikati ya fujo dhidi ya wageni, tarehe 7 Agosti 2024, ilisambazwa orodha ya ofisi za wanasheria wa uhamiaji zilizotishiwa kuvamiwa. Maduka yakapigiliwa mbao, zahanati zikafunga mapema. Jioni ilipofika, sehemu nyingi waliojitokeza kwa maelfu ni wenyeji waliokuja kuwatetea wageni.

Usichoke kujiandaa kwa sababu mara tatu halikutokea jambo. Na usimdhihaki mwanao kwamba ni mwoga kwa sababu alikaa ndani siku ambayo hakukuwa na lolote.

Hatari kubwa iko wapi: nyumbani, kazini au njiani?

Njiani. Watu wanafikiria kufuli na geti, kumbe nyumbani kuna mlango na jirani, kazini kuna mlinzi na wenzako wanaokujua kwa jina. Kituoni saa kumi na moja alfajiri hakuna anayekujua, na lafudhi yako inakutangulia. Agosti 2024, Sunderland, manesi wawili wa Kifilipino walikuwa wanakwenda kazini kwa dharura, kuwahudumia majeruhi wa fujo zilezile, wakarushiwa mawe. Hospitali yao haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa barabara ya kufikia hospitali.

Kwa hiyo mpango wowote, wa nyumba au wa ofisi, uanze na safari. Mwambie mwanao ajue njia mbili za kurudi kwake, na moja kati ya hizo isipite kituo kikuu cha teksi. (Teksi zao ni daladala kama zetu, na vituo vyao ni mahali pa kwanza kuchafuka.) Atoke kazini mapema, asingoje gari la mwisho. Atembee na mwenyeji anayemwamini. Sare ya kazi na kitambulisho cha shingoni avivue kabla ya kutoka getini. Simu aiweke mfukoni. Kuongea Kiswahili kwa sauti ndani ya gari siku ile ni kujinadi. Awe na pesa taslimu kidogo ya kutosha nauli mara mbili.

Na awe amechagua mapema mahali pa kukimbilia katikati ya safari. Msikiti, kanisa, hospitali au kituo cha polisi kilicho njiani. Asipafikirie wakati anakimbia.

Madereva wa malori wana habari yao peke yao. Barabara ya N3 inayotoka bandari ya Durban kwenda Johannesburg imewahi kuchomwa malori eneo la Mooi River, 2018 na tena Julai 2021, na madereva wa kigeni wamekuwa wakilengwa kwenye migomo ya sekta hiyo. Mwenye ndugu kwenye usukani amwambie asilale kando ya N3 kukiwa na tetesi. Alale ndani ya yadi yenye ulinzi, hata mzigo ukichelewa.

Mwajiri anayejua kazi yake hujiandaa vipi?

Unaweza kumpima kwa mambo machache. La kwanza, ana orodha ya simu za watu wote, na kuna mtu mmoja aliyeteuliwa kutoa uamuzi wa kufunga. Wakiamua watatu, kila mmoja anamngoja mwenzake, na saa zinakwenda. La pili, uamuzi unatolewa jana yake jioni, si asubuhi watu wakiwa tayari barabarani. La tatu, na hapa ndipo wengi wanapoanguka, akitangaza kufunga mapema anakuwa amepanga na usafiri. Kuwatoa watu saa nane mchana bila gari, wakati teksi zimeshaacha kufanya kazi, ni kuwatupa palepale ulipotaka kuwaepusha.

Mengine ni ya utaratibu. Zamu za alfajiri na usiku zibadilishwe. Mgeni asiachiwe kufungua au kufunga duka peke yake. Anayeweza kufanyia kazi nyumbani akae nyumbani. Mbao za kuziba vioo zinunuliwe mapema, maana siku yenyewe bei inapanda na fundi hapatikani. Vifaa vya kuzima moto vikaguliwe. Mlango wa nyuma ufunguke kweli, usiwe umezibwa na maboksi.

Kuna jambo ambalo mabosi wanalikwepa kwa sababu lina aibu, nalo ni mfanyakazi mwenyeji anayewaunga mkono waandamanaji. Yupo karibu kila mahali. Msimamizi mwenye busara huzungumza na watu wote mapema na kusema wazi kwamba mtu ana haki ya maoni yake, lakini kumtisha mwenzake au kutoa nje majina na ratiba za wageni ni kosa la kufukuzwa kazi. Akilinyamazia, ratiba ya zamu inaweza kuonekana kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla ya jua kuzama.

Bosi wa binti yangu Uingereza anamwambia lazima aende. Afanyeje?

Sheria ya ajira ya Uingereza ya mwaka 1996, kifungu cha 44, inamlinda mfanyakazi aliyeondoka au kukataa kurudi mahali pa kazi kwa kuamini, kwa sababu za msingi, kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu. Kifungu kinahusu mahali pa kazi, kwa hiyo hofu ya njiani asiitegemee hiyo peke yake. Aandike ujumbe kabla ya zamu: nini kinaendelea, wapi, anaomba nini. Ujumbe wa maandishi, si simu. Aombe teksi ya kampuni, au abadilishiwe kituo kwa siku hiyo. Kwa anayetunza wazee majumbani aseme pia ni mgonjwa gani atakosa huduma, ili apangiwe mtu mwingine. Hilo linamwonyesha kuwa si mtoro.

Kijana wangu ana duka. Afunge aondoke, au abaki alinde mali?

Afunge aondoke.

Najua swali hili linauma. Duka lile la mtaani, wenyewe wanaliita spaza, ni jasho la miaka, na pengine nusu ya mtaji ulitoka kwa mama aliyeuza kiwanja Mwanzange. Lakini kwenye mawimbi haya yote maduka ndiyo yanayotafutwa kwanza, na anayelala ndani ya duka anafungiwa humo na moto. Unga, mafuta na vocha vitanunuliwa tena.

Kuondoka kwenyewe kuna namna yake. Wiki ya tetesi asijaze stoo. Auze kilichopo, anunue kidogokidogo. Pesa zisilale dukani. Daftari la madeni, leseni, mkataba wa pango na risiti za jumla avipige picha na kumtumia mtu aliye nje ya mji, na ninyi hapa Tanga mkiwemo. Apige picha za rafu zote zikiwa zimejaa, siku ya kawaida. Picha za majivu hazithibitishi kulikuwa na nini. Mwenye nyumba aambiwe, maana jengo ni lake na ana sababu ya kulitetea.

Halafu bima. Bima ya kawaida ya Afrika Kusini haigusi hasara ya ghasia. Hiyo ni kazi ya Sasria, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1979, na kinga yake hununuliwa kupitia kampuni ya bima ya kawaida kwa nyongeza ndogo. Baada ya ghasia za Julai 2021, madai kwa Sasria yalifika kiasi cha randi bilioni 32. Mwenye bima asome karatasi yake leo aone kama jina hilo limo. Uingereza na Wales ipo sheria ya fidia ya ghasia ya mwaka 2016, inayomsaidia hata asiye na bima, ila dai lifike ndani ya siku 42 tangu ghasia ziishe. Siku hizo zinapita upesi mtu akiwa bado anafagia vioo.

Begi la dharura liwe na nini?

Pasipoti, kibali, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, dawa za kila siku, chaja, nguo za siku mbili, viatu vya kukimbilia. Nakala za karatasi zibaki Tanga, kwenye karatasi, si kwenye simu tu. Namba muhimu ziandikwe kwa kalamu: Afrika Kusini polisi 10111, au 112 kwa simu ya mkononi, Uingereza 999. Kwa Uingereza kumbuka kadi za ukaazi zimehamia mtandaoni, kwa hiyo nywila ya akaunti yake ndiyo karatasi yenyewe sasa.

Watu wa kikundi wakija mlangoni wakidai karatasi zake, ana lazima ya kuonyesha?

Kisheria hana. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliamua kwamba Operation Dudula haina mamlaka ya kumdai mtu kitambulisho. Hiyo ni kazi ya polisi na maofisa uhamiaji. Lakini hukumu haitasimama mlangoni pamoja naye. Watu 20 wakiwa nje, asitoke kubishana sheria. Afunge, apige simu, anyamaze, ampigie na jirani. Wakiwa wachache na wametulia, aseme kwa upole kwamba atazionyesha kwa polisi, na asiwape mkononi. Pasipoti ikishaingia mikononi mwao kuipata tena ni kazi.

Mke wake ni mjamzito na kliniki zimezingirwa. Itakuwaje?

Sheria ya afya ya Afrika Kusini ya 2003 inawapa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 6 huduma bure katika vituo vya serikali, wageni wakiwemo, na katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Hukumu ile ya Novemba 2025 iligusa pia vikundi kuzuia wageni milangoni mwa kliniki. Kwa vitendo: asisubiri uchungu. Ajue hospitali ya pili, aende kliniki siku ambazo hazijatangazwa maandamano, na asindikizwe na mwanamke mwenyeji. Kadi ya kliniki isikae kwa mume.

Majirani wanasaidia kweli, au ndio hao hao wanaochoma?

Wote wawili. Ndiyo maana ujirani ujengwe kabla. Anayeishi mtaani miaka minne akiwasalimia Watanzania wenzake tu hana wa kumgongea usiku. Aende mazishini, achangie, ajifunze lugha ya pale hata kwa kukosea. Mtanga hahitaji kufundishwa hili, ila akifika ugenini anajikuta kwenye chumba cha mabaharia wanane, na wote wanamtegemea mmoja aliyewahi kufika.

Juni 2025, Ballymena huko Ireland ya Kaskazini, baadhi ya wageni walibandika milangoni bendera na karatasi za kueleza wao ni taifa gani, ili wapitwe. Siwalaumu, nyumba zilikuwa zinaungua. Lakini karatasi ya "mimi si yule" inamwelekeza mwenye kiberiti kwa yule, na keshokutwa yule ni wewe. Afadhali jirani mwenyeji akubali mlango wake uwe wa kukimbilia.

Na sisi tulio Tanga tufanye nini siku hiyo?

Chagueni mtu mmoja wa kuongea naye. Mmoja tu. Mama, shangazi, kaka wa Dar na shemeji wa Mombasa wakipiga wote, chaji inaisha na yeye anashindwa kusikia kinachoendelea nje. Wengine wapate habari kwa yule mmoja.

Kubalianeni saa. Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa 1. Uingereza majira yao ya joto ni saa 2, ya baridi saa 3. Kisha kubalianeni na namna ya kuhesabu, kwa sababu kijana aliyekaa sana huko akiandika "nitafika saa 6" anaweza kuwa na maana ya jioni, na mama Makorora akaanza kulia tangu mchana. Akifika atume neno moja: nimefika.

Msitegemee WhatsApp peke yake. Intaneti ilipozimwa nchini kwetu mwishoni mwa Oktoba 2025 wengi tuligundua kwamba namba za ndugu hatukuwa nazo, tulikuwa na picha zao tu. Meseji ya kawaida inapita panapokataa mengine.

Tunatumiwa video za kutisha. Tujuaje ni za leo?

Chukulieni kwamba si za leo mpaka yeye mwenyewe athibitishe. Video za 2008 na 2015 hurudi kila mwaka zikiwa na maandishi mapya. Uongo huu huua: Julai 2024, mabinti watatu walipouawa kwa kisu Southport, mitandao ilisambaza jina la kubuni na kudai muuaji ni mkimbizi aliyeingia kwa boti. Kumbe alizaliwa Cardiff. Kesho yake msikiti wa Southport ukashambuliwa, na hoteli walimokaa waomba hifadhi zikafuatia miji mingine. Wapo waliofungwa jela kwa walichoandika tu mitandaoni.

Mwanao naye asirekodi kutoka dirishani. Mwanga wa simu unaonyesha chumba.

Ubalozi utamrudisha?

Inawezekana, lakini si siku hiyo. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwarudisha Watanzania waliotaka kuondoka Durban. Septemba 2019 ilifanya kinyume cha watu walivyotarajia, ikasitisha safari za Air Tanzania kwenda Johannesburg kwa sababu ya vurugu. Kwa hiyo asipange kutoroka kwa ndege ya siku ya moto. Ajiandikishe ubalozini Pretoria au London wakati wa amani, ili jina lake liwe kwenye orodha. Aliyepoteza pasipoti aulizie hati ya dharura ya safari.

Jambo moja huwa halisemwi wazi: aliyezidisha muda wa kukaa Afrika Kusini kwa zaidi ya siku 30, akitoka mpakani anaweza kuzuiwa kurudi miaka 5. Wengi wanabaki penye hatari kwa kuogopa hilo. Uamuzi ni wake, ila aufanye akijua.

Mbona tunaongelea ya wenzetu? Hapa Tanga wageni nao si wapo?

Wapo, na swali ni la haki. Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda, wanafanya kazi watu wa mataifa mengi. Horohoro ni jirani, Wakenya wanaingia na kutoka. Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wageni kufanya biashara ndogo za aina 15, zikiwemo uwakala wa pesa za simu, kutengeneza simu na kununua mazao shambani. Iwe unaikubali amri hiyo au huikubali, anayeisimamia ni ofisa mwenye kitambulisho. Vijana wa kijiweni wakianza kukagua nani ana lafudhi ya Mombasa, hapo tumeanza kile tunachokililia Durban. Mwenye kampuni hapa Tanga mwenye wafanyakazi wa nje achukue jibu la mwajiri hapo juu alitumie kama lilivyo.

Mkoa huu una rekodi nzuri. Wazigua waliochukuliwa utumwani Somalia karne ya 19, vizazi vyao vilipokimbia vita baada ya 1991 vilirudi Handeni, vikapewa ardhi Chogo na baadaye uraia.

Amerudi mikono mitupu. Tuanzie wapi?

Msimuulize habari za duka wiki ya kwanza, na msiwaruhusu watu wa mtaa waje kumtazama. Akitulia kidogo, kaeni naye mwandike anachodai: mshahara wa mwezi wa mwisho, amana ya pango, pesa za benki. Mahakama ya kazi ya Afrika Kusini ilishaamua mwaka 2008 kwamba hata asiye na kibali analindwa na sheria ya ajira, kwa hiyo asikate tamaa kwa sababu ya karatasi. Ila dai la kufukuzwa kazi isivyo haki linatakiwa lifike CCMA, chombo chao cha usuluhishi, ndani ya siku 30 tangu siku aliyofukuzwa.